Jina la korosho zetu tuliandikishe kwenye makundi gani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Shangani hapa Mtwara. Mimi na mdogo wangu wa kiume tunabangua na kukaanga korosho nyumbani. Tulianza kwa kupima kwa kikombe pale stendi. Siku hizi tuna paketi za gramu 100 na gramu 250 zenye stika yetu, na kuna dereva wa basi anatupelekea mzigo Dar. Jina lenyewe nalificha kwanza, utanisamehe, nitakwambia sababu.

Mwaka huu tulikwenda Nanenane kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi. Watu walionunua siku ya kwanza walirudi siku ya tatu wakiliulizia jina. Hawakusema "nipe korosho", walisema "nipe zile za fulani". Nilifurahi, lakini furaha haikudumu, maana meza ya upande wa pili kulikuwa na mtu anauza unga wa muhogo, na jina lililokuwa kwenye mfuko wake linatofautiana na letu kwa herufi moja tu. Sikumwuliza kitu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu: hili jina tuliandikishe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, liwe alama ya biashara yetu kabla hatujalikosa.

Jina la biashara tulishasajili, na TIN tunayo. Nikaenda kwa kijana wa steshenari anayewajazia watu fomu mtandaoni. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika mahali pa kuchagua kundi la bidhaa. Makundi yako 45! Kijana akasema tuchukue la 16 kwa sababu jina limechapishwa kwenye mfuko wa karatasi, na la 35 kwa sababu sisi ni wafanyabiashara. Mdogo wangu naye anataka la 33, kwa vile ana ndoto ya kutengeneza mvinyo wa mabibo (matunda ya mkorosho), na la 25 kwa sababu tulichapisha fulana za maonyesho. Rafiki yangu aliyesomea masoko anasema tuchukue kila kundi lenye chakula ili mtu asipate pa kupenya.

Kila kundi linalipiwa peke yake, Shangazi, na hela tuliyonayo inatosha mawili. Tukijibana sana, matatu.

Tunachouza ni hiki: korosho za kukaanga zenye chumvi na zenye pilipili, korosho nyeupe zisizokaangwa, ambazo tunawauzia wenye hoteli kwa kilo, siagi ya korosho kwenye makopo madogo, na kashata za korosho na ufuta. Msimu wa mabibo tunakamua juisi kidogo, lakini hiyo inaishia kwa majirani. Pia kuna watu wanatuletea korosho zao ghafi tuwabangulie, wanatulipa kwa kilo.

Tuchague yapi? Na huyu wa unga wa muhogo ni tatizo, au si tatizo kwa kuwa yeye hauzi korosho?

Mama Korosho, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu. Na umefanya vyema kulificha jina. Endelea kulificha mpaka ombi lipokelewe.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Hela ya kwanza iende kundi la 29. Ya pili iende la 30, lakini usiilipe kabla hujafanya upekuzi, yaani kuangalia kama jina limeshaandikishwa na mtu, nitakaokueleza huko chini, maana hapo ndipo yule wa unga anapokuhusu. Ya tatu, kama itapatikana, ni ya kundi la 40. La 16, la 25 na la 33 yaache. La 35 pia liache, ila lina maelezo yake.

Hayo makundi 45 hayakutungwa na BRELA. Yanatokana na makubaliano ya kimataifa yaliyofanyika mwaka 1957 katika mji wa Nice, Ufaransa, na leo yanasimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Kundi la 1 mpaka la 34 ni bidhaa, la 35 mpaka la 45 ni huduma. Orodha hufanyiwa marekebisho kila mwaka, kwa hiyo usitumie karatasi ya zamani aliyokuachia mtu.

Kijana wa steshenari alikuangalizia jina limeandikwa juu ya nini. Swali lake silo. Swali ni: mteja anapotoa hela, ananunua nini chenye jina hilo? Hakuna aliyekuja Ngongo kununua mfuko wa karatasi. Kundi la 16 ni la anayeuza mifuko, madaftari, vitabu na karatasi za kufungia. Ukiandikisha jina huko, utakuwa na cheti safi kabisa cha kuuza mifuko, na korosho zako zitabaki nje. Nimeshaona vyeti vya namna hiyo vimetundikwa ukutani kwa fremu, mwenyewe anakionyesha kwa fahari, na ukikisoma unakuta kinalinda kitu ambacho hajawahi kukiuza hata siku moja.

Fulana ni hivyo hivyo. Mlizivaa nyinyi kwenye meza yenu ili muonekane, hamkuziuza. Kundi la 25 ni la mwenye biashara ya nguo.

Sasa kundi la 35, ambalo linawapoteza wengi kwa sababu ndani yake mna neno biashara. Hilo ni kundi la huduma unazowafanyia wengine: kuwatangazia, kuwasimamia biashara, kuwauzia bidhaa zao dukani kwako. Kuuza bidhaa yako mwenyewe si huduma ya kundi la 35. Bidhaa inalindwa kwenye kundi lake. Siku mtakapofungua duka lenye jina hilo mlangoni, ndani mkaweka asali ya mtu wa Liwale, chumvi ya Lindi na ufuta wa Nachingwea pamoja na korosho zenu, siku hiyo la 35 litakuwa na maana.

Turudi kwenye korosho zenyewe. Hapa ndipo watu wa kusini tunapaswa kuwa makini kuliko wote, kwa sababu zao ni moja lakini makundi ni mengi, na kinacholihamisha ni kile ulicholifanyia. Korosho ghafi yenye ganda lake, kama inavyofika kwenye ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ni ya kundi la 31, pamoja na mazao mabichi mengine, mbegu na miche. Ikishapikwa kwa mvuke, ikabanguliwa, ikakaushwa na kumenywa ngozi, ni bidhaa iliyoandaliwa, na inaingia la 29. Kwa hiyo hizo nyeupe mnazowauzia wenye hoteli na hizo za chumvi na pilipili zinakaa pamoja. Siagi ya korosho nayo ni ya 29. Hata mkianza kutengeneza maziwa ya korosho, bado ni 29. Unaona hela moja inavyofunika sehemu kubwa ya biashara yenu?

Kashata zinahama. Kashata huhesabiwa pamoja na peremende na vitu vitamu, na hivyo viko la 30. Mkija kupaka korosho chokoleti, nazo zinahamia la 30. Ufuta ndio unaochekesha: mbichi ni 31, ukiuandaa kama kiungo cha chakula ni 30, ukiukamua mafuta ya kula ni 29.

Na mabibo? Mwambie mdogo wako akae chini kwanza. Bibo lililotoka mtini ni 31. Likikaushwa au likapikwa jamu ni 29. Likigeuzwa siki ni 30. Juisi yake ni 32. Mvinyo wake ni 33, na kinywaji kingine chochote chenye kilevi kisicho bia ni huko huko 33 (uraka wa vijijini sitaki kuuzungumzia hapa, una sheria zake nyingine). Tunda moja, makundi matano. Mtu akikwambia "andikisha mabibo", mwulize mabibo yapi.

Ndoto ya mvinyo siidharau. Lakini alama ya biashara iliyoandikishwa na isitumike ina hatari yake: kwa sheria ya Tanzania Bara, ikikaa miaka 3 mfululizo bila kutumika kwa bidhaa iliyoandikishiwa, mtu mwingine anaweza kuomba iondolewe. Mvinyo unahitaji vifaa, vibali vya vileo, TBS (shirika la viwango), na mtaji ambao kwa barua yako sijauona. Juisi angalau mnaikamua, japo inaishia kwa majirani. Ikianza kupakiwa na kuwekewa stika, fungueni ombi la 32. Mvinyo ukikaribia kweli, mtafungua la 33. Kundi jipya ni ombi jipya, na mlango wake hauna tarehe ya kufungwa, isipokuwa mtu mwingine awatangulie. Ndiyo maana nasema "ukikaribia", nisiseme "ukishaingia sokoni".

Huyo rafiki yako wa masoko ushauri wake unafaa kampuni yenye mwanasheria wa mshahara. Kwako wewe, kila kundi ni ombi lake, ada yake ya kuomba, ya kutangaza na ya cheti, na baadaye ya kuhuisha. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7 tangu siku ya kuwasilisha ombi, kisha unahuishwa kila miaka 10. Andikisha makundi 8 leo, na miaka 7 ijayo utaletewa hesabu ya makundi 8 siku moja.

Kubangulia watu. Hili umelitaja mwishoni kama jambo dogo, nami naliona kubwa. Mtu akikuletea korosho zake ukambangulia na akaondoka nazo, hujamwuzia korosho, umemwuzia kazi. Hiyo ni huduma ya kusindika mali ya wengine, kundi la 40. Jiulize tu kama watu hao wanaijua huduma kwa jina lenu la kwenye paketi au wanasema "tunapeleka kwa Mama Fulani". Kama ni hilo la pili, hela ya tatu isubiri. Kama mmeshaweka bango lenye jina na watu wanatoka mpaka Tandahimba kulitafuta, lipieni.

Kuchagua namba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo kijana wa steshenari huimaliza kwa sekunde tano, ni kuandika bidhaa zenyewe chini ya namba. Wengi wananakili kichwa cha habari cha kundi. Cha 29 kinaanza na nyama, samaki na kuku, na kinaendelea mpaka maziwa, mayai na mafuta ya kula. Ukinakili hivyo unajitangaza kuwa muuza samaki na maziwa. Mwenye jina linalofanana na lako kwenye maziwa ya mtindi huko Tanga atapata sababu ya kukupinga, wakati wewe hata ng'ombe huna.

Andika unachouza. Mimi ningeandika hivi kwenye la 29: "Korosho zilizobanguliwa, korosho zilizokaangwa, korosho zilizotiwa chumvi au viungo, karanga na njugu zilizoandaliwa, siagi ya korosho, maziwa ya korosho, mabibo yaliyokaushwa, jamu ya mabibo." Angalia nilivyofanya: nimeanza na vilivyopo, nikaongeza vichache ambavyo mko karibu navyo na viko ndani ya kundi hilo hilo. Hivyo nyongeza havihitaji kundi la pili, ndiyo maana nimevitaja. Ila usiandike "na bidhaa zote zitokanazo na korosho". Sentensi ya namna hiyo haina mpaka, na msajili ana kila haki ya kukurudishia uirekebishe. Na ukumbuke, ombi likishaingia unaweza kupunguza bidhaa, lakini kuongeza usichokitaja ni kuanza upya. Kwa hiyo hapo kama panahitaji nusu saa, itumie hiyo nusu saa.

Orodha rasmi ya bidhaa imeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na inapatikana bure kwenye tovuti ya hilo shirika la miliki ubunifu. Andika kwanza kwa Kiswahili, nyumbani, mbele ya bidhaa zenyewe mezani. Kisha mtafute mtu wa kukulinganishia maneno: ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Mtwara wana uzoefu na wasindikaji, na wakala wa alama za biashara au wakili ndiyo kazi yake. Kijana wa steshenari aendelee kubonyeza vitufe, ila maneno mpelekee wewe yakiwa yameandikwa.

Sasa yule wa unga wa muhogo.

Unga ni kundi la 30. Korosho zako ni 29. Watu wengi wakisikia namba ni tofauti wanapumua. Usipumue bado. Namba inasaidia kupanga majalada, lakini haiamui peke yake kama wateja watachanganyikiwa. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma inatazama pia bidhaa zinazokaribiana, hata zikiwa kwenye namba mbili. Paketi ya korosho na paketi ya unga vinakaa duka moja, pengine rafu moja, na nyinyi wawili mnatoka kusini na mlikuwa mnatazamana kwenye maonyesho yale yale. Mteja anaweza kabisa kudhani ni watu wa nyumba moja. Upande wa pili wa hoja ni kwamba hakuna anayekwenda kununua unga wa ugali akarudi na korosho. Mvutano upo, na sitakudanganya kwamba najua msajili ataelemea wapi.

Kwa kashata ni vigumu zaidi, maana mtakuwa kundi moja, la 30, wote chakula, majina yametengana kwa herufi moja. Ndiyo maana nikasema usilipe la 30 kabla ya upekuzi. Omba BRELA upekuzi wa jina, na usitafute kwenye 29 peke yake. Tafuta na 30, na 31, na 35. Na usitafute tahajia yako tu. Tafuta na ile ya kwake, na nyingine yoyote inayotamkika karibu na hapo. Ukikuta ameshaandikisha unga kwenye 30, kashata zako zipe muda, au uzifikirie jina lao. Ukikuta hajaandikisha, usichelewe, maana anayetangulia kuwasilisha yuko mahali pazuri zaidi. Lakini jua kwamba ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la alama, na mtu ana siku 60 za kuweka pingamizi. Kama yeye ametumia jina hilo miaka mingi kabla yenu, hapo ndipo atakapojitokeza. Tafuteni risiti zenu za kwanza za stika, picha za paketi zenye tarehe, ujumbe wa oda wa kwenye simu. Wekeni pamoja kwenye faili moja sasa, mkiwa hamna ugomvi na mtu.

Kuna uzuri mmoja wa kila kundi kuwa na ombi lake: la 30 likikwama kwa sababu ya unga, la 29 linaendelea na safari yake. Kwa hiyo usiyasubirishe maombi yote mawili. Wasilisha la 29 mara upekuzi utakapokupa nafasi.

Mawili madogo. Jina la biashara mlilosajili na TIN haviwapi haki ya alama. Yule wa unga naye anaweza kuwa na jina la biashara lake, halali kabisa. Na cheti cha BRELA kinaishia Tanzania Bara. Kama hao wenye hoteli mnaowauzia kwa kilo wamo wa Unguja, na mnakusudia kupeleka paketi zenye jina, Zanzibar ina sajili yake na ombi lake, pale BPRA, wakala wao wa usajili wa biashara. Korosho nyeupe za kwenye gunia lisilo na jina hazihitaji haraka hiyo.

La mwisho hukuuliza, ila limenikaa. Umeandika "mimi na mdogo wangu", halafu fomu itataka mwenye alama. Ni wewe, ni yeye, ni nyote wawili, au ni kampuni mtakayoifungua? Mkae mlizungumze, na shemeji yako awepo kama yupo, kabla hamjalipia ile namba ya malipo. Kuhamisha alama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine baadaye inawezekana, lakini ni ombi jingine na ada nyingine, na kwa makundi mawili ni mara mbili.

Shangazi